Vidonge Vile Vile

Fundi wa mapazia alikuwa ameshapona saratani ya utumbo, au walau daktari alikuwa amemruhusu arudi nyumbani akashone, pale dada yake mkubwa alipokutwa na ugonjwa huo huo. Dada mtu alikuwa msusi, mwenye saluni yake na mdomo usiopumzika. Siku aliyopewa vidonge alivitazama kama aliyeletewa nyoka kwenye mfuko.

"Ndivyo vile vile nilivyomeza mimi," mdogo wake akamwambia. "Mimi mwenye mwili wa njiti sikufa, utakufa wewe?"

Msusi akacheka, akameza.

Haukupita muda akaanza kuharisha. Ulimi ukawa kidonda kitupu, na viganja vilivyosuka vichwa vya mtaa mzima vikabambuka ngozi. Hata maji yalimchoma. Akasema anaacha dawa.

"Vumilia, dada. Hata mimi nilitapika. Ukiacha katikati, ugonjwa utarudi kwa kishindo."

Alimwamini mdogo wake kwa kuwa mdogo wake alikuwa hai. Akaendelea kumeza, mpaka asubuhi moja akaanguka bafuni, akakimbizwa hospitali mwili ukiwaka homa.

Daktari alimwita fundi pembeni, karibu na sinki la kunawia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, na hakuzungushazungusha maneno.

"Ini lina kitu kinachoivunjavunja dawa hii ili itoke mwilini. Watu wachache huzaliwa nacho kikiwa kidogo mno. Kwao dawa haitoki, inajazana mpaka inakuwa sumu. Dada yako ni mmoja wao. Damu yake haina tena nguvu ya kupigana na maradhi."

"Lakini sisi baba mmoja, mama mmoja, daktari. Tumenyonya ziwa moja."

"Hata hivyo, watoto hawarithi sawasawa. Wewe ulipata kilicho kizima. Mwenzako hakupata."

"Na hamkuweza kujua mapema?"

"Kipimo kipo. Hapa kwetu hakipo." Akafungua bomba, akanawa mikono iliyokuwa safi tayari.

Wodini, fundi alimpangusa dada yake midomo kwa kitambaa chenye maji. "Ni mimi niliyekulazimisha," akasema.

"Tangu lini nikakusikiliza wewe?" msusi akanong'ona kwa taabu. "Nilitaka kupona, basi."

Akafumba macho. Hakutania tena. Kesho yake, kabla chakula cha mchana hakijagawiwa, alifariki.

Baada ya mazishi, binti wa marehemu alishika saluni na akaacha kupokea simu za mama yake mdogo. Fundi akamfuata huko huko. Alimkuta anasuka mteja.

"Shikamoo, mama mdogo," binti alisema bila kugeuka.

"Marahaba, mwanangu. Daktari anasema huenda na wewe umerithi upungufu ule aliokuwa nao mama, na siku ukihitaji dawa ile itakuwa sumu kwako. Kipimo tutakitafuta popote kilipo, hata kama ni kusafirisha damu."

Vidole vya binti vikasimama.

"Kwa hiyo na hilo kaniachia," akasema. "Na wewe ulikuwa unamwambia avumilie."

Binti akarudi kusuka, akizivuta nywele mpaka mteja akaguna.

"Nitapima," alisema mwishowe. "Lakini siendi na wewe."