Kitana cha Mbwa wa Kililana

Hata sasa uzeeni, Mzee Famau akinawa ili ale, mkono wake huenda hadi mara ya saba, na wajukuu humcheka. Mkono haujamsahau Pamba.

Pamba alikuwa mbwa wa manyoya marefu, aliyeachwa kijijini Kililana na Mzungu mmoja aliyeshindwa na kilimo akarudi kwao kabla ya vita vya Wajerumani. Famau alimchukua awafukuze nguruwe mwitu kwenye mahindi. Nguruwe walikimbia kweli. Tabu ni kwamba na watu walikimbia. Siku aliyoirarua kanzu ya jirani yao Muhdhar, jirani alikuja juu: "Ijumaa naja na rungu, Bwana Famau. Nikimkuta na ukali huu, nammaliza."

Famau akamkagua mbwa kwa mbali. Manyoya yameshikana kama makumbi ya nazi, yamejaa miba na kupe. Kila hatua yanamvuta ngozi. Akamfunga kwenye mnazi, akamwendea na mkasi. Pamba akatetemeka, akajikojolea, kisha nusura akiume kidole cha bwana wake.

Mkewe, Mwanamkisi, alicheka hadi akakaa chini. "Wamnyoa au wamchinja? Mimi mama alinisuka kwa nguvu, nikamng'ata paja! Mfungue. Anza nchani mwa manyoya, kwa kitana na mafuta. Akipiga miayo na kujilamba, si usingizi huo, ni hofu. Mwate, umwache apumue."

"Haya, shika kitana, fundi."

"Mimi? Mimi naswali!"

Basi kila asubuhi Famau alikaa mchangani na kitana cha mti na mafuta ya nazi, fundo moja moja, akikoma kila mbwa alipogeuza uso. Kisha kisimani kujitoharisha na najisi ya mbwa: mara saba, moja kwa udongo, hadi vidole vikapasuka. Mwanamkisi alimhesabia kutoka mlangoni, akimchekesha makusudi ili hesabu ipotee aanze upya. Siku ya nne Pamba alishusha pumzi ndefu, akamlalia pajani.

"Na kanzu nayo sasa, mara saba!" akapiga kelele Mwanamkisi.

Ijumaa Muhdhar alifika na rungu lake. Pamba akainua kichwa, akamnusa, akatikisa mkia mara moja, akalala tena.

"Huyu si yule."

"Ndiye. Alikuwa akiumwa, sisi twasema mkali."

Muhdhar akalificha rungu nyuma ya mgongo. "Na nguruwe je?"

"Wao hawajapata habari."

Leo Pamba hayupo, wala Mwanamkisi. Famau humimina maji polepole, na akifika sita husita kidogo, akingoja mtu mlangoni amkoseshe hesabu.