Miaka Saba kwa Makadirio

Saa nne asubuhi fundi cherehani alimweka kitoto cha sungura kwenye bakuli la plastiki, juu ya mizani ya unga, akaondoa uzito wa bakuli kwa hesabu ya kichwani. Gramu mia tatu na ishirini. Akavua shingoni futi ya kupimia nguo, akapima masikio; moja limesimama, moja limelala. Macho wazi, meno yapo, jani la kabichi limeliwa nusu. Akaandika nyuma ya risiti ya vifungo: wiki nne, au tano. Penye mbegu, yaani aina ya sungura, akaacha wazi.

Jirani aliingia bila hodi, kama kawaida yake.

"Wiki nne wapi, mwenzangu? Huyo bado ananyonya. Mpe moja."

Sungura akafumba macho, manyoya yakarudi mwilini, akabaki mwekundu, saizi ya kidole gumba.

"Umeona sasa? Maziwa ya sungura nitayatoa wapi mimi? Rudisha maneno yako!"

"Haya, nne, nne. Mbona mkali hivyo?"

Sungura akaota manyoya, akaendelea na kabichi pale alipoishia.

Ndivyo alivyokuwa tangu Jumapili fundi alipomchukua sokoni, kwenye boksi la nyanya: ukimkadiria, anafuata. Binti wa nyumba ile hakuwa na tabia hiyo. Alikuwa mtoto wa marehemu dada yake fundi, na karatasi za kuzaliwa kwake hazikuonekana. Kadi yake ya makadirio ya umri ilisema miaka minne. Mwaka jana ilisema minne, mwaka juzi minne, na mwaka wa kabla yake minne, kwa kuwa kila mwaka ilinakiliwa kutoka kadi ya mwaka uliopita. Mwenyewe aliendelea kukua bila kibali. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameshang'oka. Ijumaa shule ilikuwa inafunga uandikishaji wa darasa la kwanza, na mwalimu mkuu alishasema mara mbili kwamba anataka miaka saba ya kwenye kadi, si ya mdomoni.

Sungura naye alitakiwa kuwa na kadi. Msimamizi wa jengo hakuruhusu kiumbe kisicho na umri wala mbegu. Dirisha la makadirio lilikuwa moja kwa wote, watu na mifugo, basi Alhamisi fundi akashika mkono wa binti, akabeba kapu, akapanga foleni hadi miguu ikafa ganzi.

Karani alivuta fomu mbili, akazibandika moja juu ya nyingine.

"Mbegu ya mnyama?"

"Sijui, kaka yangu. Ni wa sokoni tu."

"Kwenye orodha hakuna 'sijui'. Kuna kubwa, ndogo na ya maonyesho."

Akaandika ya maonyesho. Masikio ya sungura yakalala yote mawili, mazito kama taulo zilizolowa, na manyoya yakajikunja mawimbi. Karani akachungulia fomu ya chini.

"Sasa huyu binti," fundi alisema. "Nakuomba. Ana miaka saba."

"Kadi inasema minne."

"Inasema minne, huu mwaka wa nne!"

"Basi ni kadi yenye msimamo."

Binti alisimama kwa ncha za vidole, akaisoma fomu iliyomgeukia karani, kichwa chini miguu juu: "Umri wa mhusika. Sahihi ya mkadiriaji. Usiandike chini ya mstari huu."

"Watoto wa miaka minne siku hizi wana akili," karani akasema.

"Mtazame meno basi! Andika saba! Saba, baba, saba! Nimechoka kuja hapa!"

Karani akatazama meno ya aliyekuwa karibu, wa kwenye kapu, akaandika saba kwenye fomu iliyokuwa juu, akagonga muhuri. Fomu iliyokuwa juu ilikuwa ya sungura. Ndevu zake zikawa nyeupe, kucha zikapinda, ukungu ukatanda kwenye jicho moja. Akashusha pumzi ndefu, akajiegemeza ukingoni mwa kapu.

"Hiyo siyo fomu yake! Futa!"

"Kukadiria ni dakika moja, mama. Kufuta ni kikao."

"Kikao lini?"

"Kikao hakijakadiriwa." Karani akamnyooshea sungura kalamu. "Tazama mwenzake. Kaandikiwa saba, amekuwa saba. Mtoto wako ndiye mkaidi."

Walirudi kwa miguu. Binti alimpakata sungura njia nzima.

"Mama, amezeeka."

"Nimeona, mwanangu."

"Jana alikuwa mdogo wangu."

Fundi akamfuta jasho.

Ijumaa mwalimu mkuu alisoma kadi ya binti, akairudisha. Akasoma ya pili, ya sungura, akaigeuza, akakagua muhuri.

"Huyu anaingia. Sare ni bluu."

"Mwalimu, hebu mwangalie. Unaona nini?"

"Naona saba."

Fundi alifungua mdomo atukane. Kisha akakumbuka kwamba mwenye kadi ya saba hupewa vitabu na madaftari, na vitabu vinalala nyumbani. Akafunga mdomo, akaenda kukata kitambaa. Kola ya mtu asiye na mabega ilimsumbua siku mbili.

Kila asubuhi sungura aliwekwa dawati la pili, akalala. Binti alikaa nje kwenye ngazi, chini ya dirisha, kwani mlinzi wa shule hakuona ubaya wa mzee kuwa na msindikizaji. Jioni alifungua vitabu, akafanya kazi zote za nyumbani. Mwaka ulipogeuka kadi yake ilinakiliwa tena. Minne.

Siku ya kufunga shule ripoti ililetwa nyumbani, na binti akaisoma kwa sauti mbele ya cherehani, bila kukwama. "Kusoma, vizuri sana. Kuandika, vizuri sana. Hesabu, vizuri sana. Anasinzia mno darasani, mzazi aongee naye. Anapanda darasa la pili."

Alirudi hadi juu kabisa, palipoandikwa kwamba mwanafunzi ni sungura, akapasoma kimoyomoyo.

"Mama, nimepasi?"

"Umepasi, mwanangu. Umepasi vizuri sana."

Fundi akachukua kalamu, akatafuta mstari wa mzazi, akamtilia sungura sahihi.