Fuso ya Malimi na Ugomvi wa Nchi Mbili

Esteria alikuwa wakala wa bima mjini Bariadi, na kampuni yake ilikuwa ya nchi jirani. Jambo hilo halikuwahi kumsumbua mteja yeyote, mpaka hao majirani walipozipandishia kodi kampuni za bima za Tanzania zilizoko kwao. Serikali ikajibu: kampuni zao zilizoko huku nazo zitozwe vilevile. Kampuni ikawabebesha wateja mzigo wote, na kazi ya kuwaeleza ikaachiwa Esteria.

Alianza na Malimi wa Dutwa, mwenye Fuso ya kubebea pamba. Alimkuta chini ya gari akikaza nati, akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayo. Umeniletea bima yangu?"

Akamweleza kwa nini bei ya bima imepanda. Malimi alitoka, mikono imejaa grisi, akaomba aelezwe tena.

"Kwa hiyo wao wamewaumiza wenzetu."

"Ndiyo, baba."

"Na sisi tumewalipizia."

"Ndiyo."

"Sasa mbona anayelipa ni mimi?"

Esteria akamwonyesha karatasi ya bei mpya. Hata kampuni za nyumbani, zilipoona mwenzao kapandisha, nazo zilipandisha. Malimi akaacha bima kubwa, akakata ndogo, ile inayolipa hasara ya mtu mwingine tu. Esteria alimsihi asifanye hivyo, lakini msimu ulikuwa umeanza na pamba ilikuwa inasubiri gari.

Karibu na Lamadi tairi la mbele likapasuka. Fuso ikapinduka, ikakilalia kibanda cha Joyness, muuza samaki, ambaye kwa bahati alikuwa ameshuka ziwani. Malimi akavunjika mkono. Joyness alilipwa kibanda na samaki wake. Fuso haikulipiwa kitu.

Esteria alipiga simu hadi akachoka, akapanda basi kwenda ofisi ya kanda, Mwanza.

"Dada, huyu ana bima ndogo," meneja alimwambia.

"Alikuwa na kubwa mpaka mlipompandishia!"

"Si sisi. Ni kodi."

"Basi niende kwa nani?"

Meneja akainua mabega.

Kabla pamba haijaisha mashambani, nchi zile mbili zikapatana, kodi ikafutwa pande zote. Kampuni ikawatumia mawakala wote ujumbe wa pongezi. Esteria alipoenda Dutwa, Malimi alikwisha kuiuza Fuso kama chuma chakavu. Mkono ukiwa bado kwenye plasta, alikuwa akisimamia upakiaji wa gari la Maduhu, kibarua kwa mtu aliyekuwa mshindani wake.

"Wamepatana, baba. Bei imerudi ilipokuwa."

"Wamepatana?" Malimi aliuliza. "Na kwenye mazungumzo yao, kuna aliyeuliza habari zangu?"

"Hapana."

"Haya." Akawageukia wapakiaji. "Nyie, kazeni hiyo kamba!"

Esteria alirudi Bariadi na hasira iliyokosa wa kumshukia. Akapanda juu ya kiti, akaanza kulibandua bango la kampuni mlangoni kwake. Gundi ilikuwa kali, likatoka vipande vipande, na yeye akaendelea kukwangua kwa kucha.