Usiku Kumi na Nne

Usigeuze uso. Ninakujua wewe: ukisikia mji wa Beni kwenye redio unatafuta wimbo mahali pengine, unasema "bale bantu bamezoea." Hakuna mtu anayezoea panga. Kaa hapo usikie habari ya Masika, halafu uniambie tena kwamba hukujua.

Masika ni mkulima wa kakao, upande wa Mabalako. Wauaji walipoingia kijijini, alikimbilia Beni na mtoto mgongoni. Mumewe Kambere alivunjika mguu akiruka mtaro, na wifi yake Kahindo akakataa kumwacha peke yake. Hao wawili wamejificha ndani ya mashamba, mahali ambapo Masika anapajua kama jiko lake. Haja yake ilikuwa moja tu: magari yenye silaha yaende kuwatoa. Na wenye neno juu ya magari hayo walikuwa wamefika siku hiyo, bazungu watatu, kusikiliza wakimbizi katika salle, ukumbi wa mtaa wa Beu, mlemle mjini Beni.

Kati yake na wao alisimama Esdras, mkalimani kutoka Butembo. Kule alikuwa nyota wa klabu ya Kiingereza, ambako vijana hushindana kwa maajabu ya maneno: neno lipi ni refu kupita yote, lipi halina mwenzake wa kufanana nalo kwa sauti. Kusema "tunachinjwa" hawajifunzi. Wanajifunza kupendeza. Hii si ya leo. Babu zetu walikaguliwa na Wabelgiji kama wanajua kushika uma mezani, ndipo wapewe karatasi ya mutu mustaarabu. Leo uma ni Kiingereza.

Masika akasema. Alisema kirefu: mto, daraja la magogo, kibanda cha kukaushia kakao, mguu wa Kambere unavyovimba, ng'ombe wa jirani waliochinjwa na kuliwa palepale. Esdras akatoa maneno machache. Alipofika kwa ng'ombe, macho yakamwaka. Akaongea, akaongea, mikono hewani. Wageni wakacheka, mmoja akampiga begani kirafiki.

"Umebaambia nini, kijana?" Masika akauliza.

"Kitu ya maana, mama! Mu Kingereza, ng'ombe akiwa muzima anaitwa cow. Akifika mu sahani, anaitwa beef. Sababu bachungaji balikuwa wenyeji, na bakubwa bale balibashinda mu vita balikuwa banasema Kifaransa. Muchungaji akabakia na jina ya nyama ya kuchunga, mukubwa na jina ya nyama ya kula. Bamefurahi sana!"

"Na Kambere? Umemutaja?"

"Nimesema kuko mugonjwa."

"Mugonjwa! Mutu banamutafuta na panga, ni mugonjwa? Donc mimi nimekuja hapa kuomba dawa?"

Nyuma, mama Hulda, mkimbizi mwenzake, akapiga makofi. "Professeur! Baulize tena: na mutu, akisha kuchinjwa, bazungu banamuita nani?"

Salle ikacheka, kicheko cha kuuma meno. Esdras akaona haya, akatafsiri upya, safari hii yote. Yule mgeni mama mwenye miwani akaacha kutabasamu. Akaandika. Akatazama saa, wenzake nao wakatazama saa, maana ndege ilikuwa inawangoja. Akasema sentensi moja.

Na ugonjwa wa maneno wa Esdras haukumwacha hata hapo. "Amesema batarudia kisha fortnight. Ni neno ya zamani, mama! Maana yake usiku kumi na nne. Bale ba zamani balikuwa banahesabu usiku, hapana siku."

Mle ndani hapakuwa na mtu asiyehesabu usiku. Ni usiku wauaji wanapokuja.

"Usiku kumi na nne," Masika akasema. "Baambie Kambere hana hata mbili."

Lakini wageni walikuwa wamekwisha kusimama, na milango ya jeep ikapigwa. Esdras akabaki kati ya viti vitupu.

Masika hakulia. Alimkabidhi Hulda mtoto, akavuka barabara hadi kwa wenye pikipiki. Pale alimkuta Jumaine, mbebaji wa mizigo anayeijua njia ya Mangina, ile inayoelekea Mabalako. Akamweleza.

"Njia ile iko mubaya, mama."

"Najua. Ninakuuliza kama unaenda."

Jumaine akawatazama wenzake. Mmoja akajifanya anafuta kioo, mwingine akazamisha macho kwenye simu. "Mimi naenda," akasema. "Mais moto moja, pikipiki moja, haiwezi kubeba bantu batatu na mguu wa kuvunjika. Na lazima bengine batangulie kuangalia njia."

Akawasha. Masika akapanda nyuma. Hakuna mwingine aliyetoka.

Ninapoandika, injini inanguruma na jua lingali juu. Wewe mwenye pikipiki, toa moto yako. Wewe mwenye mkubwa wa jeshi unayemfahamu, mpigie, umtajie Kambere na Kahindo kwa majina. Wewe usiye na kitu, nenda ukasimame pale wakuone wale wanaofuta vioo, waone aibu. Usiniambie kesho. Ondoka, sasa hivi.