Boti ya Moreen Ifungwe Wapi

"Sijakuomba ushauri, Afande! Umestaafu upolisi, staafu na mambo ya watu!"

Moreen Sifuna alisema hayo katikati ya uwanja, khanga kifuani na mswaki mkononi, na wapangaji wote wa ile safu ya vyumba sita pale Luzira, Kampala, wakatoka nje kama waliopigiwa kengele.

"Na mimi sijakutoza kitu," alijibu jirani yake Okwera, aliyekuwa polisi wa majini miaka ishirini na miwili. "Nakwambia tu. Kumi na moja usichukue. Chukua tatu."

"Tatu! Pale gatini, meli ya mabehewa ya treni ikigeuka inanitikisia boti mpaka misumari ing'oke?"

"Itakutikisa. Lakini utatoka. Shida yenu nyinyi Wakenya, mnafika mnajua tayari."

"Na wewe bado unatoa amri na gwanda ulisharudisha!"

Watu wakacheka. Adyero, mke wa Okwera, ambaye wote humwita Mama Aol, alikuwa mlangoni akichambua mboga. Hata kichwa hakuinua.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Moreen alikuwa ameuza magodoro Kawempe miaka minne mpaka akapata boti yake. Shule moja ya kisiwani ilikuwa imempa kazi ya kuvusha walimu kila asubuhi kuanzia Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, na mwalimu mkuu hakumficha: ukikosa mara mbili, tunatafuta mwingine. Mchana wa siku ile alitakiwa kuchagua mahali pa kufunga boti. Nafasi zilizobaki mwaloni zilikuwa mbili, na ukishachagua, umechagua kwa mwaka mzima. Namba tatu ilikuwa kwenye kelele za gatini. Kumi na moja ilikuwa konani, kimya, mafunjo yameikinga na upepo.

Wala Moreen hakujiona mgeni wa boti. Kabla ya Kampala alikuwa ameosha boti za matajiri Mtwapa miaka sita, kule ambako maji ya mto hupanda na kushuka pamoja na bahari. Aliwaona waliochagua vibaya: maji yakipwa, boti inalala ubavu kwenye tope kama ng'ombe mgonjwa, na mwenyewe anakaa kungoja yajae.

Halafu kulikuwa na Huguette, msusi Mkongo wa chumba cha pili, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. "Bonny, shemeji yake Okwera, ameandikisha jina anataka kuhama," alikuwa amemnong'oneza jana yake. "Sasa wewe unafikiri afande anakupenda kuliko shemeji?" Basi Moreen akajua. Kumi na moja ndiyo wanayoitaka.

Alishuka mwaloni na hasira zake, hata kando hakutazama, akatumbukiza fimbo kwenye namba kumi na moja, na palipoishia maji akapaka rangi ya kucha. Saa sita kasoro akairudisha palepale. Maji hayakuwa yamepungua hata upana wa kidole. Akatabasamu.

"Mama, unapima nini tangu asubuhi?" aliuliza Abdul-Latif, katibu wa mwalo, daftari kwapani.

"Kama maji yanapwa."

"Yaende wapi? Ziwa hili halina safari. Hapa maji yanakaa, majani ndiyo yanakuja. Tazama kule."

Upepo wa ziwani ulikuwa umeshaanza. Kutoka mbele, gugumaji pana kama uwanja wa mpira lilikuwa linakuja taratibu, ndege mweupe amesimama juu yake kama abiria aliyelipa. Likaingia ile kona, likaziba kumi na moja yote, likajibana na majani mengine yaliyonasa kwenye mafunjo. Kwenye namba kumi wanaume wanne walikuwa wakisukuma boti kwa pondo na matusi, na boti imekaa tu. Mwenye boti alikuwa majini, kijani mpaka viwikoni. Alikuwa Bonny.

"Tangu Jumatatu yuko hapo," alisema Abdul-Latif. "Yakishaingia konani yanaweza kumaliza wiki. Kule tatu, meli ikigeuka inayafagia."

"Si ndiye aliyeomba kumi na moja?"

"Mtu atoke kumi aingie kumi na moja? Ana wazimu? Bonny ameomba tatu. Ukiiacha wewe, ni yake. Jina lako lilitangulia kwenye kura, ndiyo maana nakungoja."

Moreen aliitazama fimbo yake. Okwera alilijua hilo la shemeji yake tangu asubuhi, wakati mswaki ukitikiswa mbele ya pua yake.

"Andika tatu," alisema.

Aliporudi, mlango wa Okwera ulikuwa wazi na harufu ya malakwang, ile mboga chachu ya karanga, imejaa uwanja. Bonny alikuwa ameshafika, ameketi mkekani.

"Afande," Moreen alisema akiwa nje, "yale maneno ya asubuhi..."

"Umechukua ngapi?"

"Tatu." Akamgeukia Adyero, maana aliyebaki kwenye majani ni kaka yake. "Lakini, Mama Aol, boti yangu mchana kutwa itakuwa kisiwani. Nafasi itakuwa tupu. Bonny anaweza..."

"Boti, boti, tangu asubuhi boti!" Adyero alitua sahani ya viazi vitamu. "Bonny, sogea, unanuka ziwa. Na wewe Moreen, vua viatu, ingia ule. Mwite na Huguette, najua yuko nyuma ya pazia anasikiliza."