Mnyama wa Kitovu wa Ilwad

Kwetu mtoto akizaliwa hupewa mnyama wa kitovu. Ngamia jike, au mbuzi kama mambo ni magumu, na kila atakachozaa mnyama huyo ni mali ya mtoto. Mume wangu Yahye, aliyesomea Mombasa akarudi na wazimu wa bahari, alimpa binti yetu Ilwad tumbawe. Ndiyo, tumbawe! Kitu cha kijani chenye vidole laini, kinakaa kwenye tanki la kioo la maji ya chumvi, sebuleni kwangu, hapa Garissa ambapo hata kivulini unatoka jasho.

"Lina uhai, linakula, linazaa," alisema. "Ngamia amelizidi nini?"

"Ngamia ninamkama, Yahye. Hilo nitalikama wapi?"

Wazee wa ukoo waliokuja kumwona mtoto walicheka mpaka wakapaliwa na chai. Mwishowe tukakubaliana mbele yao: likifa kabla ya kuzaa, Yahye analeta ngamia jike. Likizaa, mimi nifunge mdomo. Basi nikangoja life. Wallahi nilingoja kwa hamu karibu mwaka mzima, huku kila mchana nikilipoza kwa chupa za barafu kutoka friji yangu ya maziwa, maana Yahye alikuwa kazini Dadaab na mimi si katili.

Jumamosi moja Yahye yuko nyumbani, nikasikia akipiga kelele. Vijitu vya kahawia vilikuwa vimeota kwenye shina la tumbawe, kila kimoja na shingo nyembamba na kichwa cha nywele.

"Limezaa! Allahu akbar, limezaa!" Akapiga simu mpaka Diff kwa shangazi yake. Kimoja alishakiahidi kwa mtoto mchanga wa binamu.

Kaka yangu Olow, aliyeniletea maziwa kutoka Balambala, akachungulia. "Uzazi gani huu? Huu ni upele. Abaayo, dada yangu, ngamia wako huyo anakuja."

Moyo ulinidunda kwa furaha, lakini nilitaka uhakika. Kwetu wakibishania ndama ni wa nani, anapelekwa kwa ngamia, watu wanatazama kama atamkubali. Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya tanki.

"Wape chakula," nikamwambia Yahye.

Akadondosha chakula. Vile vijitu vikanyoosha nywele, vikagusa kidole cha tumbawe. Kidole kikanywea. Vikagusa cha pili, nacho kikajikunja.

"Mama gani anajikunja hivyo akiguswa na mwanawe?" nikasema. "Hawa si watoto, Yahye. Wanamchoma, na chakula chake wanakula wao."

Akamtumia picha mtu wa Mombasa aliyemuuzia. Jibu likaja: ni wadudu, wataliua tumbawe. Msiwakate, kipande kikibaki kinaota upya. Wadungeni maji ya ndimu kwa sindano. Yahye alikaa chini kama mtu aliyefiwa.

Olow akanivuta jikoni. "Usiguse kitu. Liache life, mtoto apate ngamia."

Alisema kweli, nami nilijua. Nikarudi sebuleni. Tumbawe limejikunyata kwenye pembe, na wale kupe wanatikisa nywele kama wako harusini. Hasira zikanipanda mpaka utosini. Kumtesa mnyama wa mwanangu mbele yangu, ndani ya maji niliyoyapoza mimi!

"Olow, leta ile sindano yako ya kuchanjia ngamia."

"Umerukwa na akili?"

"Leta!"

Nikakata ndimu, nikatumbukiza mkono mpaka kwapani, nikawadunga mmoja mmoja huku nikiwatukana kwa Kisomali na Kiswahili. Wakasinyaa. Olow akasema dada yake amekwisha.

Wiki iliyofuata tumbawe likafungua vidole vyote. Ilwad, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa hajatamka neno hata moja, akabandika pua kwenye kioo, akalinyooshea kidole.

"Geel," akasema. Ngamia.

Yahye akanitazama. Olow akatazama dari. Mimi nikaenda kuleta chupa nyingine ya barafu.