Shangazi Ana Neno

Raihana alikuwa ameisubiri siku kama ile kwa miezi saba. Asubuhi ilipofika alipiga pasi nguo zake mara mbili, akajifunga kilemba, akaenda mtaa wa Niboye kwa kaka yake ametulia kama mtu anayekwenda dukani kununua sukari. Hasira yake haikuwa ya makelele. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, Kigali, na fundi mzuri anajua kukaa na kazi moja mkononi muda mrefu bila kuichoka.

Siku hiyo watu walikuwa wanakuja kumposa Mutoni, binti wa kaka yake Viateur. Ilikuwa Julai ya mwaka tisini na tatu, wakati wakubwa wako Arusha wanazungumzia amani, na watu wa Kigali walikuwa wakiwaoza watoto wao harakaharaka, mchana kweupe, ili wageni wawahi kurudi makwao kabla barabara hazijafungwa. Mposaji aliitwa Kabera, kijana mpole mwenye miwani aliyekuwa anasoma Ubelgiji, na Mutoni alimpenda kweli. Kabera hakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mama aliyemzaa, Gahongayire.

Raihana na Gahongayire walikuwa kama chanda na pete tangu shule ya ushonaji ya masista, kabla Raihana hajaolewa na Mwislamu na kubadili jina. Wa tatu wao alikuwa Kaliza, mpole, mwepesi wa kukubali kila kitu. Desemba iliyopita dada yake Gahongayire, mkazi wa Ubelgiji, alikuwa anabatiza mtoto, akawaalika wote watatu. Walihangaikia pasipoti pamoja, wakapanga foleni ya viza pamoja. Raihana alishona magauni matatu ya kitenge cha aina moja kwa ajili ya ubatizo, akayapanga kwenye sanduku lake kwa sababu ndilo lililokuwa kubwa kuliko yao.

Ndege ya kwanza iliwashusha kwenye uwanja mmoja wa Ulaya ili wabadilishe. Abiria wengine walipita tu. Wao watatu, wanawake weusi waliofuatana, walisimamishwa na maofisa wawili. Ofisa mmoja alikitazama kilemba cha Raihana, akauliza kwa Kifaransa kama wako pamoja. Gahongayire alikuwa na kofia na Kifaransa cha ofisini, akajibu kabla Raihana hajafungua kinywa.

“Hapana, bwana. Huyu simjui. Tulikaa tu viti vya jirani kwenye ndege.”

Kaliza alitazama viatu vyake. Wakaruhusiwa, wakaenda zao, na Raihana akabaki.

Walimweka siku mbili. Walimfumua nywele, msuko mmoja baada ya mwingine, wakitafuta kitu ambacho mwenyewe hakukijua. Mwanamke mwenye glavu alimvua nguo kwenye chumba ambacho mlango wake haukufunga vizuri. Hawakupata chochote. Siku ya tatu wakampandisha ndege ya kurudi Kigali bila kumwambia kosa lake, na bila kusema samahani.

Hayo ya maofisa angeweza kuyameza. Hakuwajua, nao hawakuwahi kula naye sahani moja. Kilichomkaa kooni ni sanduku. Sanduku lake lilifika Ubelgiji salama, na Gahongayire, yule asiyemjua, alilichukua, akalifungua, akavaa gauni. Januari picha zikaonekana mjini: Gahongayire na Kaliza wanacheka mbele ya kanisa, na gauni la tatu, lile la Raihana mwenyewe, limevaliwa na dada mtu, limembana kifuani. Sanduku lilirudishwa kwa mkono wa Kaliza likiwa na kikaratasi ndani: pole kwa yaliyokukuta.

Na bado haikutosha. Gahongayire alirudi amekuwa mtaalamu wa safari. Wanawake waliotaka kwenda Ulaya na wenzao wakawa wanamfuata sebuleni kwake, naye anawapa ushauri akinywa chai. Msivae vilemba. Msicheke kwa sauti. Karatasi ziwe mkononi, si mkobani. Na zaidi ya yote chagueni wa kufuatana naye, maana mmoja anaweza kuwaharibia safari wote. “Sisi Raihana nusura atuponze,” alikuwa akisema. Raihana aliyapata hayo kutoka kwa mteja, akiwa anampima kiuno. Alimaliza kupima, akaandika namba, na usiku huo hakula.

Kisha mwezi wa nne Mutoni akaja Biryogo mbio, amejaa aibu na furaha, kumwambia shangazi kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba Kabera anataka kumwoa. Baada ya harusi Kabera atatangulia chuoni, na Oktoba Mutoni atamfuata akisindikizwa na mama mkwe. Raihana alimkumbatia, na juu ya bega la mtoto moyo ukamruka kwa furaha isiyohusu harusi hata kidogo.

Maana alijua desturi. Wageni wanaokuja kuposa hukaa upande mmoja wa ua, wenyeji upande mwingine, na kila upande una msemaji wake. Kabla msichana hajatolewa, wenyeji huulizwa kama kuna mwenye lalamiko juu ya ukoo wa mposaji. Hapo watu hutunga visa, babu yenu aliiba mzinga wetu, ng’ombe wenu alikula mtama wetu, na wageni hukiri kwa unyenyekevu, huomba radhi, hutoa pombe, watu wakacheka. Na wa mwisho kuulizwa ni shangazi. Bila neno la shangazi msichana hatoki.

Basi siku hiyo ua wa Viateur ulijaa. Silvère, mwalimu mstaafu, alisema kwa niaba ya wenyeji, na Jean-Berchmans, mjomba wa Kabera mwenye tumbo na sauti, alisema kwa niaba ya wageni. Mzinga uliibwa, ng’ombe alikula mtama, radhi ikaombwa. Gahongayire alikaa mstari wa mbele, mshanana wake, shuka ya sherehe ya kutupia begani, unang’aa, na Kaliza kando yake. Silvère akageuka.

“Sasa tumsikie shangazi. Shangazi, una neno na hawa watu?”

“Ninalo,” Raihana alisema, akasimama.

Akaeleza yote. Uwanja, maofisa, kofia, Kifaransa. “Huyu mama wa Kabera alisema hanijui. Nikavuliwa nguo, na yeye akaenda ubatizo na nguo zangu.”

Ua mzima ukaangua kicheko. Watu walipiga makofi, mzee mmoja akajifuta machozi. Walikuwa hawajawahi kusikia lalamiko la posa lenye ndege ndani yake. Jean-Berchmans aliinuka, akavua kofia, akainama mpaka chini.

“Shangazi, tunakiri. Rwose, kweli kabisa, tulikukosea kule kwa wazungu. Tunakupa kreti mbili za bia, na ya tatu ya kuoshea safari.”

Wakacheka tena. Raihana alibaki amesimama. Tangu mwezi wa nne alikuwa ameona siku hii kichwani, ameona nyuso zikinywea, na hakuwahi kufikiri kwamba amechagua mahali pekee ambapo lalamiko la kweli husikika kama mchezo. Gahongayire naye alikuwa anacheka, kiganja kimefunika mdomo. Kicheko hicho ndicho kilichomzuia Raihana kukaa.

“Kreti sitaki,” alisema.

“Iko sawa, shangazi, umetufurahisha, kaa sasa,” Silvère alinong’ona.

“Silvère, mimi sichezi. Mama Kabera asimame aseme kama ni uongo.”

Kicheko kilikatika vipandevipande, wa mbele kwanza, kisha wa nyuma. Gahongayire aliinuka polepole, tabasamu bado liko mahali pake. “Raihana ni rafiki yangu wa miaka mingi,” aliwaambia watu. “Anapenda utani tangu shule.”

“Kaliza,” Raihana alisema, “wewe ulikuwepo.”

Kaliza alikuwa ameshika glasi. Aliiweka chini kwa uangalifu, kama vile ua wote ungevunjika akiidondosha. “Alisema,” alijibu. “Alisema hamjui. Na mimi nilinyamaza. Sijalala vizuri tangu siku ile.”

Hapo Raihana alipata alichokuja kukitafuta. Aliuona uso wa Gahongayire ukipoteza tabasamu, aliziona shingo za wageni zikimgeukia mwanamke wao, na utamu ulimpanda mpaka kwenye meno.

“Mlitaka nifanye nini?” Gahongayire alisema, sauti imepasuka. “Wangetushika wote watatu. Niliogopa. Nyinyi hamjui macho yale yakikutazama.”

“Nayajua kuliko wewe,” Raihana alisema. “Kuogopa ningekusamehe siku ileile. Lakini ulirudi ukakaa na chai yako, ukanifanya somo la kufundishia wengine. Uliwaambia wachague wa kufuatana naye. Hukuwaambia waliofuatana nawe uliwafanya nini.”

Viateur aliinuka. “Dada, yametosha. Kuna mtoto ndani.”

“Ndiyo. Ngoja nikamuulize yeye.”

Mutoni alikuwa nyuma ya pazia, amevaa kila kitu, amependeza mpaka inauma kumtazama. Nyumbani walijua tu kwamba karatasi za shangazi zilikuwa na kasoro.

“Masenge, shangazi yangu, kwa nini hukuniambia?”

“Nilikuwa nangoja waje wote.”

Jibu hilo halikumfurahisha Mutoni. Kisha akafuta macho kwa kiganja. “Oktoba nitapita uwanja uleule na mama yake. Muulize Kabera. Wakinisimamisha pale, mama yake akisema tena hanijui, yeye atamwambia nini mama yake?”

Raihana akatoka, akalisema swali kama alivyopewa, neno kwa neno. Mposaji hasemi siku ya posa yake, lakini watu wote walimgeukia Kabera, naye akasimama. Alifungua mdomo. Kisha akamtazama mama yake. Kila mtu akaona: Gahongayire aliinamisha kichwa kidogo, kumruhusu, ndipo mwanawe akapata sauti.

“Nitamtetea mke wangu,” alisema.

Yalikuwa maneno mazuri. Raihana, kwa uchungu wote aliokuwa nao, aliyapeleka ndani bila kuyapunguza. “Amesema atakutetea.”

“Nimeona,” Mutoni alisema. Alikuwa amesimama kwenye upenyo wa pazia. “Ameomba ruhusa kwanza.” Akakaa kitandani, akaanza kufungua viatu.

Raihana alirudi uani. “Mtoto hatoki,” alisema.

Jean-Berchmans alicheka kwa mazoea, peke yake. Viateur alibembeleza, Silvère alibembeleza, Kabera alikaa na miwani yake mkononi. Baada ya saa moja wageni walianza kupakia kreti zao kwenye gari, na majirani wa Niboye walitoka malangoni kutazama posa inayorudi na pombe yake. Gahongayire alipita amejifunika uso kwa mshanana, analia, na Raihana alisimama langoni akamtazama mpaka mlango wa gari ulipofungwa.

“Umemvunjia mtoto nyumba,” Viateur alimwambia. “Umeridhika?”

“Nimeridhika,” Raihana alisema.

Ndani, Mutoni alikuwa ameanza kulia sasa, kilio cha mtu aliyempenda kijana wake. Raihana alikisikia, kikamuuma, na raha yake haikupungua.